Nusu ya Punda

Kila harusi ina saa mbili zisizo na mwenyewe. Ndoa imeshafungwa, maharusi wamekwenda kupigwa picha, na wageni wameachwa ukumbini na viatu vinavyobana na watu wasiowajua. Saa hizo ndizo zilizokuwa riziki ya Shangazi Vipande.

Alikuwa amefundisha chekechea miaka ishirini, na mchezo wake ulitoka huko huko. Alichora wanyama kwenye kadi, akazikata katikati. Upande wa bibi harusi walipewa vichwa, upande wa bwana harusi mikia. Kila mtu amtafute mwenzake. Mpaka maharusi warudi, wageni walikuwa wameshaanza kutaniana.

"Shangazi, mbona sisi kila siku mikia?" mzee mmoja alilalamika.

"Kichwa si mnakwenda nacho leo, baba? Mkifika nacho nyumbani mtautamani mkia."

Watu wakacheka. Yeye alicheka kidogo tu. Miezi mitatu nyuma, katika ukumbi huu huu, hereni za dhahabu za mama wa bwana harusi zilitoweka mchezo ukiwa umepamba moto. Mwenye ukumbi hakumshtaki. Alimwambia tu, "Kikipotea kingine, usirudi." Tangu hapo Shangazi aliwatazama wageni kama alivyowatazama watoto chaki zilipopungua: mikono kwanza, uso baadaye.

Leo mikono iliyomkera ilikuwa ya mwanamume wa makamo, suti ya kijivu. Kadi aliyopewa aliitelekeza mezani. Mkono mmoja haukutoka mfukoni. Hakuonja hata juisi. Alihama kiti mara tatu, na kila alipohama ilikuwa kufuata aliko Shangazi. Mwizi huanza kwa kujua mwenye macho yuko wapi, akawaza, akamwendea na tabasamu lake la kazini.

"Kaka, hujampata mwenzako?"

"Bado. Namtafuta mwezi wa tatu huu."

Alisimama, mkono ukatoka mfukoni na nusu ya kadi iliyochakaa pembe: makalio ya punda, mkia juu. Kadi za leo hazikuwa na punda. Shangazi alimchora kwa harusi ile moja tu.

"Kumbe ulikuwepo siku ile," alisema, huku jicho la pembeni likimtafuta mwenye ukumbi.

"Nilikuwepo. Zile hereni ni za dada yangu." Aliongea taratibu, kama anayehesabu ngazi gizani. "Bwana harusi wa leo ni jirani yangu. Niliposikia mchezeshaji ni wewe, nikaja na hii. Siku ile kila mkia ulipata kichwa, isipokuwa wangu. Mimi si askari, dada, lakini najiuliza: mwenye kichwa alikuwa wapi wenzake wote wakicheza?"

Kichwa cha punda kilikuwa chini ya meza ya Shangazi, pale pale karibu nao, ndani ya kopo la biskuti. Hakukitupa kwa sababu masikio alikuwa ameyachora vizuri. Angeweza kuliacha kopo limefungwa. Lakini mtu yule alikuwa ameshaliangalia, tena si mara moja.

Akalifungua. Akakiweka kichwa mezani, kikaungana na makalio bila kubakiza hata unywele.

"Ni mimi," alisema. "Upande wa bibi harusi ulipungua mtu mmoja, nikajigawia kadi ili hesabu itimie. Mara bibi harusi akarudishwa mbio, gauni limekatika kifungo. Nilikuwa naye chumba cha nyuma, nashona, mpaka niliposikia kelele."

"Nani alikuona?"

"Si yeye mwenyewe? Ni mkwe wa dada yako, kamuulize. Kifungo kilikuwa cha mgongoni, na sindano ilimchoma mara mbili. Hawezi kusahau."

"Nitamuuliza."

"Muulize. Lakini mkia wa punda nao haukucheza. Na mimi nitamuuliza dada yako wewe ulikuwa umekaa wapi."

Mwanamume akavuta kiti, akakaa, akalaza viganja vyote viwili juu ya kitambaa cha meza. Shangazi akakaa mkabala naye, akalaza vyake. Punda mzima alikuwa katikati yao. Mgeni mmoja alikuja kuuliza mwenye kichwa cha twiga yuko wapi. Shangazi alimjibu bila kuinua macho.

Honi ya gari la maharusi ikalia nje. Ukumbi wote ukasimama na kupiga makofi. Wao wawili walibaki wamekaa, kila mmoja akingoja mwenzake atoe mikono mezani kwanza.