Samaki wa Kasungami Amejibu

Jumamosi, kando ya barabara kule Naviundu, nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa ameinamia beseni la samaki. Muuzaji alikuwa mfugaji mwenyewe, buti zake bado zina matope ya bwawa.

— Iko ya Zambia? mama aliuliza.

— Apana, mama. Iko ya kwetu, ya Kasungami.

Mama alikunja mdomo.

— Ya Zambia njo iko kubwa.

Hata hivyo alifunua shavu la samaki mmoja kwa kidole, atazame kama ndani bado ni pekundu, vile sisi sote tunavyowapima samaki wa barafu wanaotoka Zambia. Samaki akampiga mkia. Maji yalimfika hadi kitambaa cha kichwa.

Mfugaji hakucheka.

— Umeiuliza, mama. Inakujibu.

Kwa ukubwa, Zambia bado watatushinda. Lakini samaki wao hafiki hapa akiwa anapumua, na Kasungami ni hapo tu. Kwenye samaki hai ndipo pa kuwabana.

Mama alipangusa uso, akachagua wanne walio hai kabisa, kisha akasema kama mtu anayejua kununua:

— Uweke na barafu kidogo, isioze mu njia.