Tairi Zilizovuma Hadi Tanangozi

Habari hii sijawahi kuisimulia kwa hiari yangu. Huwa anaisimulia mke wangu, na akianza tu mimi nakumbuka kwamba kuna kitu nimekisahau kwenye gari, natoka nje. Ila naona inazidi kutiwa chumvi, juzi nimesikia kwenye msiba mmoja kwamba eti Shangazi alikuwa ameshika kipaza sauti. Jamani, hakuwa na kipaza sauti. Aibu niliyoipata ilitosha bila kipaza sauti, na chanzo chake chote ni mimi na tairi.

Iko hivi. Mdogo wangu Gwakisa, mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, alipata mchumba anaitwa Upendo, nesi, binti wa Kihehe ambaye kwao ni Tanangozi, pale unapokaribia kuingia Iringa. Baba yetu alishatangulia, kwa hiyo kaka mkubwa, yaani mimi, ndiye niliyetakiwa kuongoza msafara wa kwenda kuposa, na gari ya kwenda nayo ni ile ya kwangu ya viti saba (mke wangu huiita gari ya familia, mimi naiita gari yangu, tofauti hiyo nayo ina habari zake). Gwakisa mwenyewe alitakiwa abaki nyumbani asubiri simu, ndiyo utaratibu.

Sasa tairi za gari ile zilikuwa zimeisha, kipara kabisa, na mke wangu alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba hatapanda kwenda Iringa na tairi zile. Siku moja kabla ya safari nikaenda dukani kununua nyingine, na aliniambia waziwazi ninunue tairi za kawaida, za lami, kama zilizokuwepo. Niliondoka nyumbani nikiwa na nia hiyohiyo, naapa.

Nikafika dukani nikaziona zile. Tairi nene, weusi wake unang'aa, zina meno kama ya trekta, hata ubavuni zina meno. Nikajiona nimeingia nazo nyumbani kwa wakwe, watu wamesimama, wananong'onezana kwamba huyu kaka mtu siyo mchezo. Mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye familia yake imeuza tairi hapo mjini tangu sijazaliwa, akaniuliza naendesha zaidi wapi. Ukweli ni kwamba gari ile inakwenda kazini, inakwenda sokoni Mwanjelwa, inakwenda kanisani, inarudi kulala. Mimi nikamjibu kwamba naendesha porini, kule Idodi, njia ya kwenda mbugani. Idodi sijawahi kufika mpaka leo. Akaniambia basi zinanifaa, ila nijue kwamba kwenye lami zinapiga kelele, na mimi nikamwambia kelele siyo shida.

Shida ya kwanza ikawa kwamba za saizi yangu zilikuwa stoo nyingine huko Uyole, ikabidi zifuatwe. Nikangoja. Za kawaida zilikuwa pale pale mbele yangu, ningefungiwa nikaondoka, lakini nikangoja zile. Na jioni ile nyumbani kwangu kulikuwa na kikao cha kupanga maneno ya posa: Baba Mkubwa, ambaye ndiye msemaji wetu, alikuwa amepanda kutoka Tukuyu pamoja na Shangazi Tusajigwe. Baba Mkubwa ni mtu wa taratibu, hawezi kufungua kikao mwenye nyumba hayupo. Nikampigia simu nikamwambia wanywe chai wapumzike, tutaongea njiani. Hilo neno, tutaongea njiani, ndilo lililotumaliza.

Kwa sababu lilikuwepo jambo la kuongea. Gwakisa ana mtoto. Alimpata kabla hajaanza kazi, mama yake akaolewa kwingine, na mtoto mwenyewe, Lusekelo, binti mmoja mchangamfu sana, analelewa na Shangazi huko Tukuyu. Upendo alikuwa anajua, hakufichwa kitu, lakini wazazi wake walikuwa hawajui, na wenyewe wawili walishakubaliana kwamba Upendo atawaambia mwenyewe, kwa wakati wake, na kwa mdomo wake. Gwakisa aliniomba kitu kimoja tu, kwamba niwaeleze wazee wasiliguse jambo lile. Nilikuwa niwaeleze kwenye kikao.

Asubuhi tukaondoka wanne. Shangazi alikaa mbele kwa sababu ya kichefuchefu, kioo amekishusha chote, mkononi ana mfuko na leso. Baba Mkubwa na mke wangu walikaa nyuma. Ndani ya mji sikusikia kitu, nikawa najisifu moyoni. Tulipoipita Uyole na gari ikachanganya mwendo, tairi zikaanza kuvuma. Siyo kelele ya kukera mwanzoni, ni kama mashine ya kusaga iliyo mbali, halafu unaikaribia, halafu uko ndani yake. Usukani ukawa unatetemeka, nikapunguza mwendo, mvumo ukashuka sauti lakini haukuisha. Mke wangu akasema kitu, sikukisikia. Akarudia kwa nguvu, akauliza ni tairi gani hizi. Nikamjibu kwa nguvu kwamba ni mpya, zitazoea.

Kufika Igawa kila mtu alikuwa anapayuka. Na mtu akishapayuka kwa muda mrefu anasahau kwamba anapayuka, anaona ndiyo sauti yake. Tuliposimama Nyololo kunywa chai tukaingia hotelini tukiongea vilevile, Baba Mkubwa akaagiza supu kwa sauti ambayo watu wa meza ya mwisho waligeuka, na mhudumu akamuuliza mke wangu taratibu kama mzee ana matatizo ya masikio. Mke wangu akanivuta pembeni, akasema wazee hawajaambiwa wasiiguse habari ya mtoto, tukae hapahapa dakika chache tulimalize kwa utulivu. Nikaangalia saa, nikaona tumechelewa (tumechelewa kwa sababu ya mwendo wangu wa kuogopa mtetemo), nikasema hapana, tutalimaliza kwenye gari.

Basi nikalifungua baada ya Mafinga, kwa kupayuka, kwamba ya Lusekelo yasitajwe. Baba Mkubwa akataka kujua kwa nini. Akasema yeye ndiye msemaji na hawezi kusimama mbele ya watu akaposa huku ameficha mtu. Shangazi akageuka nyuma akamjibu. Baba Mkubwa akamjibu tena. Ubishi ule ulitoka Ifunda mpaka Tanangozi, wote wawili wakiwa ni watu wa heshima zao, wanasali, wanashindana na tairi kwanza kabla ya kushindana wenyewe.

Sasa nyumbani kwa Mzee Kihwele, baba yake Upendo, unaacha lami unaingia kinjia cha udongo mwekundu, laini, kimepita katikati ya mahindi. Tairi za namna ile zina tabia ambayo sikuijua: kwenye lami zinavuma, ukiziingiza kwenye udongo zinanyamaza kabisa, husikii kitu. Nikakata kona, mbele yetu wenyeji walikuwa wamejipanga pande mbili, kina mama mbele na vitenge vyao, vigelegele ndiyo vinaanza, na Shangazi alikuwa ameupa mgongo mlango, uso wake uko nyuma kwa Baba Mkubwa, kichogo chake kiko dirishani. Hakuona kitu. Mvumo ukakatika, na yeye alikuwa katikati ya sentensi.

"Tupewe jibu kwanza," akasema Shangazi, kwa ile sauti ya kutoka Ifunda, "huyo mtoto wa Gwakisa watakuja kumjua baadaye."

Vigelegele vikaanza kupungua, kimoja kimoja, mpaka kikabaki cha bibi mmoja wa mwisho kabisa kwenye mstari ambaye nadhani hakusikia vizuri. Nikasimamisha gari. Masikio yangu yalikuwa bado yanavuma, na nikamgeukia mke wangu nikamnong'oneza, au nilidhani namnong'oneza, "Wamesikia?"

Aliyenijibu ni mama mmoja mwenye kitenge cha njano aliyekuwa amesimama karibu na dirisha langu. Alitikisa kichwa kwamba ndiyo.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Nilishuka, Mzee Kihwele akaja, mtu mrefu, mtaratibu, amevaa koti, akatusalimia kwa Kihehe "Kamwene" na kunipa mkono kama vile hakuna kilichotokea, na mimi, bila kuulizwa na mtu yeyote, nikaanza kumweleza kwamba Shangazi alikuwa anaongea kwenye simu na mwanakwaya mwenzake, ambaye naye ana kijana anaitwa Gwakisa, majina haya kwetu ni mengi sana. Mama yake Upendo akamwangalia Shangazi mikono. Mkono mmoja mfuko, mkono mwingine leso. Simu ya Shangazi ilikuwa kwenye mkoba wa mke wangu tangu Mbeya. Mzee Kihwele akasema tu kwamba karibuni ndani, nje kuna baridi.

Tukakaa. Chai ikaja, viazi vikaja, watu wakanywa bila kuangaliana. Baba Mkubwa akasimama, akakohoa, akaanza ile hotuba yake ya kwamba tumepita njiani tumeona ua zuri katika bustani ya nyumba hii. Alikuwa ameifanyia mazoezi. Mzee Kihwele akainua mkono taratibu.

"Ua tutaliongea," akasema. "Kwanza tuongee mtoto."

Baba Mkubwa akaniangalia, halafu akakaa. Nadhani hajawahi kukaa katikati ya hotuba maisha yake yote. Upendo akaitwa. Kwa kawaida binti anaitwa aulizwe kama anawafahamu wageni, na yeye aliingia anatabasamu, maana alikuwa jikoni hajui kilichotokea nje. Baba yake akamuuliza kama anafahamu habari ya mtoto wa Gwakisa. Tabasamu likaondoka. Akapiga magoti pale kwenye zulia, akatuangalia sisi mmoja mmoja, mimi nikaangalia kikombe.

"Namfahamu, baba. Anaitwa Lusekelo. Likizo ya Pasaka nilikwenda Tukuyu nikamsuka nywele. Nilikuwa nitafute siku nzuri ya kuwaambia."

Mama yake alivuta khanga akajifuta macho, na hicho ndicho kilichoniumiza kuliko vyote, kwamba mama mtu amesikia jambo la mwanaye kwa kupitia dirisha la gari. Mzee Kihwele akaweka kikombe chini. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mtoto siyo kosa, mtoto ni mtoto, na kwamba binti yake kama ameridhika yeye hana neno. Ila kuna kitu hajakielewa. Akanigeukia mimi.

"Huyu ndugu yetu wa habari za simu," akasema, "ndiye nitakayempa binti yangu amtunze siku nikiwa mbali?"

Niliomba msamaha, nikakiri kwamba hakukuwa na simu wala mwanakwaya, maneno yakatoka vibaya vibaya. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema hatatufukuza, chakula kimepikwa na tutakula, lakini jibu la posa halitatoka leo. Turudi siku nyingine, na tukirudi tuje na mtoto, kwa sababu haiwezekani watu waje kuunganisha familia halafu mwanafamilia mmoja ameachwa Tukuyu. Tukala. Kuku alikuwa mtamu, na mimi sikuthubutu kuomba kuongezewa.

Wakati wa kurudi, Makambako nikasimama nimpigie Gwakisa, maana alikuwa ameshapiga mara nyingi na hakuna aliyetaka kupokea. Nilimweleza yote.

"Kaka," akasema, "kitu kimoja tu nilikuomba."

Akakata simu. Kutoka Makambako mpaka Mbeya hakuna aliyefungua mdomo, tairi ziliongea peke yake, na Gwakisa hakuongea na mimi mpaka mahindi yale ya njiani yalipokuwa yameshavunwa.

Tulirudi Tanangozi baada ya mavuno. Safari hii mke wangu ndiye aliyechagua tairi, za kawaida, na kikao tulikaa nyumbani, mlango umefungwa, mpaka kila mtu akajua neno lake. Lusekelo tulimvalisha gauni lake la kanisani. Tuliposhuka, Mzee Kihwele alitupita sote akaenda kwake, akainama, akamuuliza kama anapenda ndama, akamshika mkono wakaondoka kwenda zizini, na sisi tukabaki tumesimama uani na hotuba yetu, tunasubiri mwenye nyumba amalize kuonyesha ng'ombe. Walirudi baada ya muda mrefu, gauni limechafuka, na posa ikapokelewa.

Sasa wameoana. Mzee Kihwele hupiga simu mara kwa mara, anamsalimia Gwakisa, anamwuliza mjukuu wake likizo inaanza lini, anamsalimia Shangazi vizuri sana, wamekuwa marafiki. Mimi huniulizia mwisho, akikumbuka. Na nimeapa mbele ya mke wangu kwamba jambo la familia sitalisema tena gari ikiwa imewashwa. Hata akiniuliza njiani tutakula nini jioni, namwambia asubiri tufike.