Karatasi ya Bi Somoe

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mishipa ya shingo inanisimama. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimeachiwa studio ya picha ya baba pale Mikindani. Nilisimama nyuma ya kaunta nikamtazama binamu yangu Imrani akimweleza mama mmoja kwamba karatasi aliyoishika mkononi haipo. Nitakusimulia taratibu, na usinikatize, maana nikiharakisha hasira itanipanda nikutukane bure.

Enzi hizo filamu za kamera zilikuwa zinakufa. Mashine ya kusafishia picha aliyoitegemea baba iliharibika na fundi wake alishahama mji, tukahamia kwenye kompyuta na printa. Imrani, mtoto wa ami yangu, ndiye aliyetuwekea programu ya kuhariri picha. Ilikuwa programu huria, yaani watu wa nchi mbalimbali wanaiandika kwa kujitolea, kila mmoja ameshika sehemu yake, na yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuifungua aone ilivyoandikwa ndani. Imrani alisoma ng'ambo, na sehemu aliyoishika yeye ni ya kuchapisha, ile inayoitoa picha kwenye skrini na kuipeleka kwenye printa. Mwaka ule alikuja likizo, akafikia kwetu ghorofani, akawa anaandika mchana kutwa na kushuka wakati wa kula. Nilimwonea fahari, sifichi. Mtoto wa Mikindani anaandika kitu kinachotumiwa dunia nzima! Na mimi jioni alikuwa ananifundisha kidogo kidogo.

Sasa sikiliza namna yetu ya kufanya kazi, kwa sababu mambo yote yameanzia hapo. Karatasi ya picha ilitoka Dar es Salaam, na ilifika kwa shida. Mtu wa picha za pasipoti hana haja ya karatasi nzima, anataka vipicha vyake vichache basi. Kwa hiyo tulikuwa tunakata kwanza. Unachukua karatasi kubwa, unaigawa vipande kwa mkasi, halafu kipande kimoja kimoja ndicho kinaingia kwenye printa. Studio zote za Mtwara nilizozijua zilifanya hivyo. Wala haukuwa ubahili, ilikuwa akili ya watu wanaoishi mbali na duka la jumla.

Bi Somoe alitoka Mahurunga, mama mtu mzima, mkulima wa korosho na mihogo, si mwingi wa maneno. Alikuwa anakwenda hija na kaka yake. Kaka mtu alishakamilisha kila kitu, yeye alibakiza pasipoti tu. Bila kaka yake asingekwenda. Ndivyo walivyokubaliana nyumbani na ndivyo alivyotaka mwenyewe. Nikampiga picha, nikaiweka sawa kwenye programu ya Imrani, nikaichapisha kwenye kipande. Ilipendeza. Akaiweka kwenye pochi, akaifungua tena pochi kuitazama, kisha akaondoka.

Akarudi. Picha zimekataliwa ofisi ya pasipoti, na yeye hakuelewa kwa nini. Nikadhani ni kivuli cha ushungi, nikampiga tena, taa mbili, kitambaa cheupe nyuma. Akarudi tena. Safari hii akaweka kidole kwenye sura yake pale pichani, akasema, "Mwanangu, wanasema uso mdogo."

Nikachukua rula. Kweli. Kila kitu kilikuwa kimepungua kidogo, jicho haliwezi kujua. Sikungoja. Nikampandisha gari la kwenda Mtwara mjini kwa mpiga picha mwingine, mwenye programu nyingine, na picha za huko zikakubaliwa siku hiyo hiyo. Mimi nikapanda ghorofani.

"Kaka Imrani, programu yako inapunguza picha."

"Kwangu inatoka sawa," akasema, wala hakugeuka.

Nikamwekea kipande cha karatasi juu ya meza. Akakitazama kama nimemletea mjusi. Akasema programu inazijua karatasi za ukubwa fulani na fulani, na hiki changu hakimo. Hakuna karatasi ya ukubwa huo. Nikamuuliza, sasa ikipewa hii inafanya nini? Akanijibu bila haya kwamba inachukua ukubwa ulio karibu, inaiminya picha ili itoshe. Inamwambia mtu? Haimwambii. Nani anataka kusumbuliwa na maonyo kila akichapisha?

Nikashuka nikaandika malalamiko kule mtandaoni wanakokutana wachangiaji wa programu ile, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Chai yangu haijapoa, malalamiko yameshafungwa. Aliyeyafunga nani? Imrani! Yeye yuko juu, mimi niko chini, ngazi moja katikati yetu. Ameandika kwamba mtumiaji ametumia karatasi isiyo sahihi. Mtumiaji! Dada yake anayempikia wali!

Ndipo ikaja asubuhi ile niliyokuambia. Bi Somoe alirudi kwa sababu nilimwomba anipe habari. Hakuja kulaumu. Alisimama mbele ya kaunta akasema pasipoti imechelewa, majina ya msafara yamefungwa, kaka yake atakwenda peke yake. Aliyasema hayo polepole, akilivuta pindo la kanga yake. Nikamwita Imrani kwa sauti iliyowafanya hata wauza samaki wa ng'ambo ya barabara wageuke.

Akashuka. Nilitegemea atampa pole. Badala yake akaanza somo: viwango, vipimo, mpangilio wa printa. Bi Somoe alikuwa amezitoa zile picha zilizokataliwa, bado ziko kwenye kipande chake hazijatenganishwa. Imrani akazionyesha kwa kidole.

"Tatizo, mama, karatasi kama hii haipo."

Bi Somoe akautazama mkono wake.

"Hii hapa," akasema.

"Namaanisha kwenye programu, mama. Kimataifa..."

"Baba, mimi nimekuja na habari ya safari yangu, wewe unanieleza mashine yako. Haya, haiijui karatasi yangu. Kwa nini isikatae? Ingenikatalia siku ile ya kwanza ningekwenda kwingine. Imenikubalia, ikanipa pungufu, ikanyamaza."

Mtu asiyejua kunyamaza hutafuta la ovyo, na Imrani akalipata. Akasema, "Lakini hii kazi tunaifanya bure, mama. Hakuna anayetulipa."

Hapo nikalipuka. Nilimuuliza: mtu akichimba kisima cha sadaka akakiacha wazi, mtoto wa watu akatumbukia, atasimama pale aseme mimi nilichimba bure? Nilimwambia na mengine ambayo sitayarudia, maana baba yake alikuwa bado hai na sikumbakiza. Bi Somoe akaninyooshea kiganja.

"Usimpigie kelele mwenzio, binti. Kelele hazinifikishi Makka. Wewe hayo mambo ya kuandika unayajua?"

"Kidogo, mama."

"Basi kaandike."

Akazirudisha picha kwenye pochi akaondoka. Mimi niliona aibu na hasira pamoja, ukitaka kujua hali hiyo ikoje basi omba usiijue. Nikakaa nikaandika. Ilinichukua muda mrefu, nikakosea sana, nikaandika tena. Nilichotaka ni vitu viwili: mtu aweze kuiambia programu urefu na upana wa karatasi yake yoyote aliyonayo, na picha ikitaka kuminywa, programu isimame imuulize kwanza. Imrani alisharudi ng'ambo, akanipinga kutoka huko huko mbele ya wachangiaji wote. Kumbe huko nje walikuwepo wengine waliofungiwa malalamiko kama mimi, mmoja anachapisha kadi za harusi, mwingine lebo za chupa za asali. Wakasimama nami. Kazi yangu ikapokelewa.

Bi Somoe hakuwahi kwenda hija. Kaka yake alirudi na maji ya zamzam na msala, akampa, na yeye akashukuru. Baadaye kaka yake akashikwa na maradhi ya miguu, hakuweza tena safari, na mama yule amezikwa kwao Mahurunga. Imrani hakumtaka radhi hata siku moja. Alikuja likizo nyingine, akapita kwenda Mnazi Bay kuogelea, na njia ya Mahurunga hakuishika. Watu wa familia huniambia nimsamehe. Mimi nawaambia siye mimi niliyedhulumiwa.

Sasa kwa nini nakusimulia wewe? Kwa sababu wewe ndiye uliyekalia kiti cha Imrani, sehemu ya kuchapisha sasa umeishika wewe, na nimeona ulichoandika. Unapendekeza ile niliyoiandika mimi ifutwe. Unasema watu siku hizi hawachapishi, kila kitu kiko kwenye simu. Unasema lile swali la kumsimamisha mtu linakera. Na mwisho umeandika, bila hata kuona soni, kwamba kwenye mashine yako kila karatasi inatoka sawa. Nilisoma nikaiweka simu chini, nikatoka nje nikaizunguka nyumba. Kijana mzima umeelimika, na hujawahi kutoka hapo ulipokaa ukaenda kusimama nje ya ofisi yoyote hapa Mtwara, ukamwona kijana mwenzio na printa yake mezani, mkasi mkononi, anakata karatasi!

Shika haya, mwanangu. Mtu akikuambia kitu chako kimeharibika, usimjibu kwa habari za mashine yako. Mwombe akuonyeshe alichonacho, ukipime. Kama huwezi kumtimizia, mkatalie waziwazi na mapema, angali ana wakati wa kwenda kwingine. Kumkubalia mtu kisha ukampunja kimyakimya ni dhuluma, hata kama hukumtoza senti. Kutoa bure hakukupi ruhusa ya kuumiza. Na ukikosea, mfuate mwenyewe kwa miguu yako, umwambie nimekosea, kabla hamjatenganishwa na udongo.

Nimekukaripia kwa sababu kazi yako naijua na ni njema. Mungu aifikishe kwa watu usiowajua, na iwafae. Akupe uvumilivu wa kusikiliza, akupe na watu wa kukukasirikia kwa haki. Na siku atakaposimama mbele yako mtu wa kijiji ambacho hujawahi kukisikia, ameshika kitu ambacho hukukitegemea, Mungu akufumbue macho ukione kabla hujafumbua mdomo. Amina.