Niliyomwambia Mke wa Mwalimu

Nyumba yetu iliacha kunukia siku ile ile baba alipozikwa. Mama alikuwa mwanamke wa udi na asumini. Kila alasiri alipitisha chetezo chumba hata chumba, na majirani walimtania kwamba nyumba ya Bi Rukia hata kipofu hawezi kuipotea. Alipoingia edani, chetezo kilipandishwa juu ya kabati, wanja ukafichwa, nguo za rangi zikakunjwa. Kwa miezi minne na siku kumi hakuruhusiwa kujitia manukato, wala kutoka bila dharura, wala kuonana na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Ikabaki harufu ya kuta tu, chokaa iliyokunywa mvua, na mafuta ya taa. Nilikuwa na miaka kumi na nilidhani ile ndiyo harufu ya kifo chenyewe. Nilikuwa nikivuta pumzi kidogo kidogo ili nisiimalize.

Baba alikuwa na wana wawili wakubwa wa mke wa kwanza, wakaao Mombasa. Walikuja mazikoni wakalia kweli, siwasingizii. Lakini arobaini haijapita, wakamwambia ami Athumani, ndugu yake baba, kwamba wanataka mirathi yao. Nyumba haikatwi vipande kama mkate, kwa hiyo iuzwe. Ami akamleta dalali, Bwana Shee, mtu mpole mwenye kikohozi cha adabu, aliyekuwa akikohoa mlangoni kabla ya kupiga hodi ili wanawake wajistiri. Mjane hatolewi nyumbani mpaka eda iishe, hilo hata kaka zangu walilijua, ila hakuna aliyekataza wanunuzi kuja kutazama. Basi kazi ya kumficha mama ikawa yangu. Wakipanda orofani, namshusha kwa ngazi ya jikoni, wakishuka, nampandisha. "Wanakuya, mama," namnong'oneza, naye anaokota msala wake na tasbihi, ananifuata peku. Siku moja alijikwaa akaumia kidole cha mguu, akauma kanga asipige kelele. Mwenye nyumba alikuwa anakimbia ndani ya nyumba yake kama mwizi. Niliwachukia wote waliokuja, kila mmoja, hata wale walionipa peremende.

Nikaamua kuwafukuza. Kwetu, nyumba za mawe za zamani zina chumba kidogo cha nyuma kabisa, hakina dirisha, kinaitwa nyumba ya kati. Humo wanawake walikuwa wakijifungulia, na humo maiti huoshwa, maji yakapotelea kwenye tundu la sakafuni. Mimi nilizaliwa humo, na baba aliogeshwa humo mara ya mwisho. Mnunuzi wa kwanza niliyemjaribu alikuwa mfanyabiashara wa hapo hapo mjini. Nikamngoja mlangoni pa chumba kile, nikamwambia kwa sauti niliyoidhania ya kutisha, "Hapa ndipo alipooshwa babangu." Yule mzee akainua mikono, akamsomea baba Fatiha kwa utulivu, akajipangusa uso, kisha akamgeukia dalali, akauliza habari za hodhi la mawe la kuwekea maji. "Na birika, lina mai?" Nilitahayari. Nilikuwa nimesahau kwamba katika mtaa wetu hakuna nyumba ambayo haijatoa jeneza. Mzee hakununua, akisema boriti zimeliwa, lakini mimi nilijifunza kwamba ukweli hautanisaidia.

Mwalimu Kilonzo alikuwa mtu wa bara, aliyekuwa akifundisha shule moja mjini. Alikuja mara ya kwanza peke yake, akazungumza na ami kwa muda mrefu kule dakani, barazani pa mlango mkubwa. Mara ya pili alikuja na mkewe, mwanamke mrefu mwenye mimba kubwa, aliyekuwa akipumzika kila baada ya ngazi tatu na kucheka uchovu wake mwenyewe. Aliniuliza jina langu, akaniuliza darasa langu. Alinipendeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wanaume walipokwenda kutazama birika, nikamshika mkono nikampeleka nyumba ya kati. Nikamwambia baba bado yumo. Nikamwambia kila asubuhi tunamsikia akikohoa, na hapendi watoto wachanga. Mkono wake ukalishika tumbo. "Mama yako anayajua haya?" akaniuliza. Nikajibu, "Yeye ndiye aliyeniambia." Akatoka upesi, bila kushika ukuta. Nami nikapanda juu nikamkumbatia mama kwa furaha, wala hakujua ya nini.

Baada ya siku tatu ami alikuja, akazungumza na mama akiwa nje ya pazia.

"Mwalimu amejitoa," alisema.

"Amejitoa vipi? Si alikubali mbele yako?"

"Siyui, Bi Rukia. Asema mkewe hataki tena."

Mama aliketi chini pale pale alipokuwa. Nilipomuuliza kuna nini, ndipo aliponieleza. Mwalimu alihitaji vyumba vya chini tu. Alikuwa amekubali kuandikiana mbele ya kadhi kwamba mama na mimi tutabaki orofani mpaka niolewe. "Sikukwambia," alisema, "halikuwa limetimia bado." Nilitaka kusema, naapa nilitaka, lakini mama alikuwa analia kwa namna ambayo hakuwa amelia hata jeneza lilipotoka, na mimi nikaogopa ajue kwamba ndimi niliyemliza.

Aliyeinunua mwishowe alitaka nyumba tupu. Siku ya kutoka eda wanawake wa mtaa walijaa, wakamwogesha mama, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi. Mwanamke akitoka eda huenda kwa jamaa akasalimia, kisha hurudi kwake. Mama alitoka akinukia, wenziwe wakimwombea dua, akapita mlangoni na hakurudi. Tulikwenda moja kwa moja hadi chumba cha kupanga kule Langoni, ambako ami alikuwa ametangulia na magodoro yetu juu ya punda.

Sasa mimi ni mkubwa kuliko mama alivyokuwa mwaka ule. Tumehama nyumba tano. Mara mbili tulipewa notisi mimi nikiwa na mtoto mchanga, na mara zote mbili mama alisema lile lile, kwamba yule mwalimu kigeugeu ataulizwa na Mungu. Nami hujibu, "Naam, mama," nikaendelea kufunga mizigo.

Idi iliyopita Mwalimu Kilonzo alikuja. Amestaafu, anatembea kwa mkongojo, na alikuwa ameuliza mtaa mzima mpaka akatupata. Alipiga hodi, akasema amekuja kumsalimia Bi Rukia. Mama aliitambua sauti, akageukia ukuta. Sikuwa nimepata kumwona mama akikataa salamu ya mtu, hata ya adui. Nikatoka mlangoni. Mwalimu akanitazama, akateremsha sauti. "Mke wangu alinieleza tangu siku ile," alisema. "Ulikuwa mtoto. Sijamwambia mtu." Akanipa mfuko wa maembe, akaondoka polepole akiufuata ukuta.

"Amesemani?" mama aliniuliza kutoka ndani.

"Hakusema kitu, mama."