Ufunguo wa Shemeji Dale

Shemeji yangu Dale Ruona hajawahi kuvunja sheria hata moja, na mimi sijawahi kuona mtu wa bure kama yeye. Nasema wazi, kwa sababu kijiji kizima kinajua na mwenyewe ameshaambiwa usoni.

Huku kwetu kaskazini kabisa mwa Michigan, Marekani, mtu asiyefanya kazi huwa na sababu yake. Dale alikuwa nazo za kubadilisha kama soksi. Mara kiwanda cha mbao kimefungwa, mara mgongo, mara baridi. Alianza kuunda mashua nyuma ya nyumba, miti ikaota katikati ya mbavu zake. Akafuga sungura, mbweha wakashiba. Lakini kusema sasa! Angekueleza ufugaji wa sungura mpaka sungura mwenyewe akasinzia. Debe tupu haliachi kuvuma.

Dada yangu Lorna aliolewa na kaka yake Dale, Arne. Yule alikuwa mwanaume wa maana, akafa mapema. Lorna akabaki mjane, kisha ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukamwingia. Miguu inakaza, mikono inakakamaa, vidole vinajikunja kama kucha za kuku. Vidonge vya hospitali vilikuwa vinamlaza tu. Anaamka jioni hajui kama amekula au hajala. Kilichomfaa ni bangi. Alikuwa anaichemsha na siagi, anapaka kwenye mkate wetu wa iliki, kipande asubuhi na kipande jioni, na vidole vinafunguka. Nimeviona kwa macho yangu vikifunguka. Anashika sindano zake, anafuma soksi, anawatukana watu wa redioni, anakuwa Lorna wetu tena.

Miaka ile maduka ya bangi hayakuwapo huku. Sheria ilisema mgonjwa mwenye kibali apande mwenyewe nyumbani, au amchague mtunzaji wa kumpandia. Akishamkabidhi mtunzaji, yeye hapandi tena. Mashina yasizidi kumi na mawili, yawe mahali palipozibwa na kufungwa kwa kufuli, na asiyehusika asiingie. Lorna alishapanda mwenyewe mwanzoni, lakini sasa hakuweza kubeba hata ndoo ya maji. Mimi ni mpishi wa shule, na shule haitaki kusikia mpishi wake ana kibali cha bangi. Ndipo Dale akajitokeza, kofia mkononi.

"Shemeji, niachie mimi. Marehemu angetaka hivyo."

Akishasema marehemu, Lorna hana ubavu wa kukataa. Mimi roho yangu ilikataa kabisa.

Mashina aliyapanda kwenye sauna yake, kile kibanda cha mbao cha kuogea kwa mvuke. Kijiji kikacheka, maana kwetu sauna haifungwi. Jumamosi jirani akitaka kuoga anaingia tu, uwepo usiwepo, anawasha jiko na kukubakizia maji moto. Dale akaondoa benchi, akaweka taa na hita ya umeme, akaziba dirisha kwa mbao, akapachika mlangoni kufuli kubwa kama la ghala la baruti. Ufunguo akauning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila aliyekutana naye aliuonyeshwa: dukani, posta, hata msibani.

"Mlango mmoja, ufunguo mmoja, mtu mmoja," alikuwa anasema. "Hata Lorna mwenyewe haingii. Ndiyo sheria."

"Na akili je, ni ngapi?" jirani yetu mzee Reino alimuuliza siku moja dukani mbele ya watu.

Duka zima liliangua kicheko. Dale naye akacheka, maskini, alidhani anasifiwa.

Sitamnyima haki yake: mashina yaliota. Pengine ndicho kitu pekee alichowahi kukianza kikakaribia kuisha. Mwishoni mwa Oktoba yalikuwa tayari, na kopo la siagi la Lorna lilikuwa linakwanguliwa kwa kisu.

"Vuna, Dale," Lorna akamwambia. "Nitaishiwa."

"Bado, shemeji. Yaache yanenepe kidogo. Wiki mbili tu, utaona maajabu."

"Mimi sitaki maajabu. Nataka dawa."

"Niamini mimi."

Alitaka maua makubwa ya kujisifia, basi. Na wiki mbili baada ya Oktoba kuisha ni nini? Ni tarehe kumi na tano Novemba, msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa. Siku hiyo huku kwetu shule hufungwa, na kanisa hubaki na wajane. Mwanaume yuko radhi akose kuzaliwa kwa mtoto wake kuliko kukosa siku hiyo. Dale akapakia bunduki na bia, akaenda kambini porini na wenzake. Na ufunguo shingoni.

Siku iliyofuata dhoruba ikashuka. Theluji inayopiga kwa ubavu, upepo, na mchana umeme ukakatika. Nilikwenda mbio hadi sauna ya Dale, nikaweka kiganja kwenye ukuta. Ukuta baridi. Ndani hakuna taa, hakuna hita, na dawa ya dada yangu imesimama humo gizani. Nikarudi kwa Lorna.

"Nina shoka kwenye gari," nikamwambia.

"Usithubutu!"

"Lorna, yataganda!"

"Uvunje uingie kwa kibali gani? Askari wa wilaya anakaa ng'ambo ya barabara, anakuona. Utapelekwa ndani wewe, atapelekwa Dale, na kibali changu kwaheri. Hapo nitabaki na nini, Bev? Niambie, nitabaki na nini? Kamtafute Dale."

Simu haishiki kule porini. Nikaendesha gari kwenye theluji, likiteleza hadi njia ilipoishia, kisha nikatembea. Mwanamke haendi kambini wakati wa msimu, hilo kila mtu anajua. Nilipofungua mlango wa kile kibanda cha magogo walinitazama kana kwamba nimeingia bafuni mwao. Jiko linanguruma, karata mezani, harufu ya soksi na soseji. Dale katikati, amekunywa, mashavu mekundu.

"Bev! Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu. Umeme umekatika. Sauna imepoa. Twende."

"Aa, ile ni mbao ya mwerezi, inashika joto. Siku mbili haina neno."

"Nimeishika kwa mkono wangu, Dale. Ni baridi. Twende uwashe jiko la kuni."

Akakuna shingo, akawatazama wenzake. "Sasa unajua, shemeji, leo asubuhi nimeona nyayo za dume la kulungu. Dume hasa, miguu hii hapa. Kesho alfajiri anapita palepale. Miaka kumi na moja sijapata dume, Bev."

"Basi nipe ufunguo. Mimi nitawasha."

Nikanyoosha mkono. Na yule bwana, jamani, aliufunika ufunguo kwa kiganja kama bikira anayefunika kifua!

"Hapo siwezi. Sheria hairuhusu. Ufunguo ni wa mtunzaji peke yake."

"Sheria inaruhusu mtunzaji akae hapa anacheza karata?"

"Haikukataza," akasema, tena kwa upole, kama anayenifundisha.

Wenzake waliinamisha vichwa kwenye karata. Majitu mazima yenye bunduki! Nilimwambia, "Wewe Dale ni mwanaume suruali," nikatoka. Nililia njiani, si kwa huzuni, kwa hasira tu.

Umeme ulikaa siku tatu bila kurudi. Dale akarudi siku ya nne, akipiga honi kijiji kizima, dume limelala nyuma ya gari lake, pembe juu. Alipitia kwanza dukani ili lionekane. Kisha ndipo akaenda kufungua sauna. Nilikuwa pale. Mashina yote yalikuwa yamelegea, meusi, kama mchicha uliochemshwa ukasahaulika. Harufu ya kuoza ilishaanza.

"Loo," akasema Dale. "Mwaka huu baridi imewahi."

Kutoka mbegu hadi mavuno ni miezi minne. Kulikuwa na msimu wote wa baridi mbele, na kopo la Lorna lilikuwa tupu. Akarudia vidonge vya hospitali. Analala, anaamka, analala. Sindano zake za kufumia nilizitoa mezani mwenyewe, maana alikuwa anazitazama.

Wiki moja baadaye Dale akaja amebeba paja la kulungu ndani ya gazeti. Akaliweka mbele ya Lorna, akaketi bila kukaribishwa, akaanza hadithi: upepo ulivyokuwa, dume lilivyogeuza kichwa, alivyobana pumzi. Lorna alisikiliza mpaka mwisho. Ulimi ulikuwa mzito kwa vidonge, lakini macho yalikuwa yake.

"Nashukuru kwa nyama," akasema. "Kata wewe. Mimi sishiki kisu."

Akaiweka mikono juu ya meza, vidole vimejikunja, ili avione. Dale akaviona. Akatazama dirishani.

"Na nimeshakutoa utunzaji," Lorna akaendelea. "Nitapanda mwenyewe kwenye chumba cha chini ya nyumba. Nitabeba maji kwa kikombe."

"Unanitoa?" Dale akaruka. "Mimi? Shemeji, niulize kosa langu! Mashina kumi na mawili, kufuli, ufunguo haukutoka shingoni! Sheria sikuivunja hata mara moja!"

"Hukuivunja," Lorna akasema. "Ungeivunja, ningekusamehe. Haya, kata, vipande vidogo."

Akachukua kisu, akakata. Alipomaliza aliuliza kama tungependa na maini.