Maharage ya Kabatini

Mwalimu wa darasa la tatu walimwita Mwalimu Makopo, naye hakukasirika, maana jina lilikuwa la haki. Kujumlisha alifundisha kwa vizibo vya soda, ujazo kwa makopo ya rangi, uzito kwa mizani ya henga ya nguo na vifuniko viwili. Darasa lake, jamani, lilifanana na stoo ya fundi. Mwalimu mkuu, mtu wa chaki na kimya, alivumilia mpaka akachoka, akamwambia: mkaguzi anakuja, na asipoona watoto wamejifunza kitu, takataka zote zitatupwa shimoni.

Mwalimu Makopo aliogopa kwelikweli. Bila makopo yale hakujua kufundisha, na hilo alilijua mwenyewe.

Akachagua jaribio lisilowahi kumwangusha. Alipanda maharage: ya kopo moja dirishani, ya kopo lingine kabatini, gizani. Ya dirishani yatakuwa kijani, ya kabatini yatapauka. Mwenye macho haambiwi tazama.

Siku ikafika. Mkaguzi, mama wa maneno machache, akabanwa kwenye kiti cha mtoto huko nyuma. Mwalimu Makopo akafungua kabati kwa madaha. Loo! Maharage ya kabatini yalikuwa kijani kibichi, yamenawiri kuliko ya dirishani. Mwalimu mkuu akakohoa kikohozi cha mtu aliyeshinda.

Mkaguzi akauliza nani ameyagusa. Akasimama binti wa dawati la mbele, msemaji wa wenzake hata pale wasipomtuma, akaeleza bila kupepesa macho. Walichungulia, wakayakuta meupe, yamelala, wakayaonea huruma. Basi kila mapumziko, walimu wakiwa kwenye chai, waliyatoa juani, wakayarudisha kabla ya kengele.

"Kwa nini hamkuyapa maji tu?" mkaguzi akauliza.

"Tulianza na maji, mama. Yakazidi kupauka. Ndipo tukajua shida si maji, ni mwanga."

Mkaguzi akamgeukia mwalimu mkuu, akamwuliza kama ana swali. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa. Basi mkaguzi akasema hawa wamejifunza, makopo yabaki.

Binti alikuwa bado amesimama.

"Mwalimu, sasa yarudi gizani?"

Mwalimu Makopo, machozi yakimlengalenga, akamwambia hapana, ayaweke dirishani pamoja na wenzao.