Chokoleti ya Mtakatifu Nikola Ilinuka Samaki

Mvua imekatika na joto zito limerudi Jadotville, mji ambao wenyeji wanauita Likasi. Nyuma ya duka kubwa la vyakula, Ambroise anamwagia mafuta ya taa chokoleti iliyotoka Ubelgiji. Ndiyo amri ya mwenye duka: imwagiwe kwanza, ndipo ichomwe, asije mtoto wa mfanyakazi akaokota kipande.

"Batoto yangu hawajaionjaka hata siku moja," anasema bila kuinua kichwa. "Na leo wananituma niimwangie pétrole."

Ambroise, baba wa watoto wanne, ni mtunza chumba cha baridi, ambacho hapa kila mtu anakiita frigo. Kazi hiyo ndiyo iliyompa vyumba viwili vya kuishi uani. Kazi ikienda, nyumba nayo imekwenda, na leo mchana vyote viwili vinategemea atakachosema mbele ya wateja.

Chokoleti ililetwa kwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, watoto wa Wazungu wanapoweka viatu mlangoni wapate tamutamu. Kuileta nchi ya joto na unyevu kama hii ni shida hata wakati wa amani. Tangu jimbo hili la Katanga lijitenge na Kongo, treni hulala njiani. Iliyobeba chokoleti hii ilikwama stesheni ya Tenke, behewa likawa tanuri, chokoleti ikalainika. Ambroise aliipokea, akaifungia kwenye frigo, ikaganda tena. Ingepona.

Kisha mwenye duka, Bwana Constantin, akanunua samaki wabichi wa ziwa la Mwadingusha awauzie askari. Frigo ni moja tu.

"Nilimuuliza: 'Patron, niweke wapi?' Akasema: 'Mu frigo, vite, mbio!' Nikabeba ku mukongo yangu. Yeye iko ku mulango, anaangalia."

Chokoleti hunasa harufu upesi, kama siagi. Asubuhi ya sikukuu watoto waliuma, wakatema, na mama zao wakarudi dukani wamefura. Bwana Constantin akamnyooshea kidole Ambroise. Mnyonge hana haki, wanasema, lakini huku ni kuzidisha! Anatakiwa asimame mbele ya wateja akiri kwamba aliweka samaki kwa ujinga wake mwenyewe. Akikataa, atoke.

Mkewe, Émérence, anamsihi.

"Tutalala wapi na hii mvula? Sema tu, baba Georges. Maneno haiuwe muntu."

"Hii itaniua," anajibu Ambroise.

Mchana duka limejaa. Bwana Constantin anamsukuma begani, aanze. Ambroise anavua kofia.

"Samaki niliweka miye," anasema, na mwenye duka anaanza kutabasamu. "Patron ndiye alinituma. Alikuwa ku mulango, anaona."

Hakuna anayemtetea. Mama mmoja anageuza uso, mwingine anauliza kama siagi bado ipo. Inauma kuwatazama. Jua halijazama, kitanda na masufuria viko barabarani, watoto wameketi juu ya godoro, na Émérence analia kwa hasira, nusu ya hasira hiyo inamwelekea mumewe.

Ambroise amepanga kwenda Kakanda kutafuta kazi mgodini. Anafunga kitanda kwa kamba, anaivuta mpaka mbao zinalia.

"Kule, mukubwa akinituma kitu, nitamuuliza mara mbili," anasema. "Na nitauliza na sauti ya nguvu, bantu bote basikie."